Thamani ya pensheni yangu imepungua karibu nusu. Niihamishe au niiache?

Dada, assalaam alaykum.

Mimi ni Mzanzibari, nina miaka 49, naishi Leicester tangu 2001, sasa na mke wangu na watoto watatu. Nakuandikia nikiwa na bahasha mbili mezani na hasira kifuani.

Kuanzia 2002 hadi 2013 nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kufungashia vyakula. Miaka kumi na moja, zamu ya usiku. Kiwanda kile kilikuwa na pensheni ya kizamani, ile inayohesabiwa kwa mshahara wako wa mwisho na miaka uliyotumikia. Nilipoondoka mshahara wangu ulikuwa pauni 17,200 kwa mwaka. Wakaniandikia kwamba nikifika miaka 65 nitalipwa pauni 3,153 kwa mwaka, na kwamba kiasi hicho kitaongezwa kidogo kidogo kufuata bei za vitu. Barua nikaitia kwenye mkoba wa pasipoti nikaisahau.

Mwaka 2021, wakati wa korona, nilikuwa nyumbani sina kazi. Nikawauliza pensheni yangu ina thamani gani nikitaka kuihamisha. Wakajibu: pauni 118,400. Dada, sijawahi kuona jina langu limeandikwa karibu na tarakimu kama ile. Nilimwonyesha mke wangu, tukacheka wenyewe kwa wenyewe, tukairudisha mkobani. Niliogopa, kisha nikapata kazi, mambo yakapita.

Mwaka huu nimeuliza tena. Sasa wanasema pauni 63,900. Miaka minne, na mimi sijagusa hata senti! Barua hiyo hiyo inasema pensheni yenyewe imepanda, sasa ni kama pauni 4,300 kwa mwaka. Vipi pensheni ipande na thamani ishuke? Mimi nasema wamekula.

Mtoto wa ami yangu naye anasema wamekula, na kwamba kiwanda kina hali mbaya, kikifilisika hata hizo 63,900 sitaziona. Anamjua mtu, mshauri, ambaye atazihamishia pesa zote kwenye mfuko mwingine, na mfuko huo utanunua viwanja Unguja. Mimi nitapewa pauni 15,000 mkononi kabla ya Ramadhani. Yeye mshauri atachukua asilimia 10. Nilipouliza kama sheria inaruhusu kwa umri wangu, nikaambiwa 55 si mbali, ni mambo ya karatasi tu. Lakini niamue upesi, viwanja vinakwisha.

Baada ya kiwanda nilifanya kazi ghalani 2014 hadi 2019, huko nina pauni 3,100. Katikati nilipita kwa wakala mmoja, sikumbuki kama walinikata. Tangu 2022 nipo kwenye nyumba ya kulea wazee, huko zimefika pauni 4,600. Je, nizikusanye zote mahali pamoja? Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi hospitali ya NHS kwa miaka tisa, naye anataka ahamishe ya kwake. Na ustadh mmoja ametuambia pensheni hizi zote ni riba. Tumechanganyikiwa.

Nia yetu ni kurudi nyumbani nikifika 60. Sitaki kurudi mikono mitupu, wala sitaki watoto waambiwe baba yenu alikuwa na pesa akaziacha kwa Wazungu. Hata fomu ya kiwandani ya nani alipwe nikifa niliijaza 2002 kabla sijaoa, nikamwandika mama yangu, Mungu amrehemu.

Baba Rahma, Leicester


Wa alaykum salaam, Baba Rahma.

Nianze na lenye haraka, maana naona Ramadhani imetajwa. Usisaini karatasi yoyote ya huyo mshauri wa mtoto wa ami yako. Usimpe hata namba yako ya bima ya taifa. Nitamrudia huko chini, na sitakuwa mpole.

Sasa bahasha zako. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi zinazotoa barua za namna hii, na hakuna barua iliyotuletea simu za matusi kama hiyo ya pili. Watu walipokea ile ya 2020 au 2021, wakaizoea, wakaihesabu kama pesa iliyoko benki. Ilipokuja nyingine wakahisi wameibiwa. Nawaelewa. Lakini kaka, hawajala.

Zile pauni 118,400 hazikuwahi kuwa zako. Wala hizi 63,900 si zako. Kilicho chako ni ahadi: ukifika 65, kila mwaka ulipwe elfu nne na kitu, zikiendelea kuongezwa, mpaka siku unazikwa. Baada yako mjane wako kwa kawaida huendelea kupata sehemu, mara nyingi nusu. Ile tarakimu kubwa ni bei ambayo wadhamini, yaani wanaousimamia mfuko kwa niaba yenu, wako tayari kuilipa ili uwaachie ahadi hiyo uende zako. Mwenye minazi akiulizwa bei ya shamba mwaka juzi na mwaka huu atasikia bei mbili, na minazi ni ile ile. Barua yako yenyewe inakwambia yako haijakauka: ilikuwa 3,153 na sasa ni 4,300.

Na kwa nini bei imeshuka hivyo? Wataalamu wa hesabu wa mfuko hujiuliza hivi: ili tuwe na pauni 1,000 za kumlipa mtu huyu miaka 16 kuanzia leo, tuweke kiasi gani sasa mahali salama? Mahali salama kwa mfuko wa pensheni ni hasa hatifungani za serikali ya Uingereza, yaani hati za kuikopesha serikali nayo ikulipe faida. Zikiwa zinalipa asilimia 1.5 kwa mwaka, itabidi uweke pauni 788. Zikiwa zinalipa asilimia 5, pauni 458 zinatosha, maana muda wa miaka 16 utafanya kazi iliyobaki. Ahadi ni ile ile ya pauni 1,000, bei ya leo ndiyo imekatika.

Wewe uliuliza mara ya kwanza wakati riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1, na hatifungani za muda mrefu zilikuwa zikilipa asilimia moja na ushei tu. Kisha mfumuko wa bei ukapanda, Septemba 2022 serikali ikatangaza ile bajeti yake ndogo iliyotikisa soko lote la hatifungani, na kufikia Agosti 2023 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 5.25. Hatifungani za muda mrefu leo zinalipa zaidi ya asilimia 5. Bei za kuhamisha pensheni za aina yako zikaporomoka nchi nzima, kwa mhandisi na kwa mpakia mikate sawasawa.

Utaniuliza: basi nilikosea kutohama 2021? Siwezi kukuficha, wapo waliohama wakati ule wakawekeza vizuri na leo wanatabasamu. Wapo pia waliohama wakawekeza vibaya, hao hutawasikia msikitini wakijisifu. Na bei ile ilikuwa na muda wake: kwa sheria, barua ya thamani ya uhamisho hulindwa kwa miezi mitatu tu. Ikipita hapo inabaki karatasi. Kwa hiyo usiendelee kuipigia hesabu ya "ningelikuwa". Unachoamua leo ni kati ya 4,300 kwa mwaka na 63,900 mara moja.

Tuzipime basi. Chukua 63,900, ziwekezwe, tuseme zipate asilimia 5 kila mwaka baada ya ada zote, bila kukosa hata mwaka mmoja. Ukifika 65 zitakuwa kama 139,500. Upande wa pili, pensheni yako ikiongezwa kwa asilimia 2.5 kwa mwaka, ukifika 65 itakuwa kama 6,380. Gawanya, utapata karibu miaka 22. Yaani pesa zako, kama zikikaa tu bila kukua tena, zingekulipa kiwango kile mpaka umri wa miaka 87. Bei hiyo si ya wizi, na si ya zawadi. Tofauti imo kwenye lile neno "tuseme". Ukibaki, soko likianguka ni tatizo la wadhamini na la mwajiri wako wa zamani. Ukihama ni tatizo lako, nawe utakuwa mzee wa miaka 70 Unguja unayefungua simu kila asubuhi kutazama hisa za New York. Ukiishi miaka 95, mfuko utaendelea kukulipa, lakini akaunti yako itakuwa imekwisha zamani.

Kwa mtu asiye na nyumba ya kupangisha wala akiba nyingine kubwa, mimi ningeiacha. Huo ndio ushauri wangu na siuzungushi. Ingekuwa una ugonjwa wa kufupisha maisha, au huna mke wala mtoto, au una pensheni nyingine nene pembeni, ningeliongea tofauti.

Hilo la kiwanda kufilisika mtoto wa ami yako amelichukua kutoka zama zilizopita, na hakulitunga. Mwaka 1991 alipokufa Robert Maxwell, mwenye gazeti la Daily Mirror, iligundulika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kwenye mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake. Sheria zikabadilishwa. Leo mali ya mfuko iko mbali na mali ya kampuni, chini ya wadhamini, na tangu 2005 kuna Pension Protection Fund: kampuni ikifilisika na mfuko ukiwa hauna cha kutosha, chombo hicho huubeba. Aliyekwisha kufika umri wa kustaafu hulipwa kwa kawaida asilimia mia, na ambaye hajafika, kama wewe, asilimia 90. Nyongeza za kila mwaka huweza kuwa ndogo kuliko ulizoahidiwa. Ungepoteza, lakini si kila kitu. Waandikie wadhamini uombe taarifa ya hali ya fedha za mfuko. Ni haki yako kuipata.

Haya, tumrudie mshauri.

Pauni 15,000 mkononi kwa mtu wa miaka 49. Umri wa chini wa kugusa pensheni ya kazini Uingereza ni 55 kwa sasa, na tarehe 6 Aprili 2028 unapanda kuwa 57. Wewe siku hiyo utakuwa hujafika 55, basi wako ni 57. Yeye anasema ni mambo ya karatasi. Karatasi hizo ni za mamlaka ya kodi, HMRC, na wanaziita malipo yasiyoruhusiwa. Kodi yake ni asilimia 40, na huongezwa 15 nyingine kiasi kikiwa kikubwa, jumla 55. Anayedaiwa ni wewe, si yeye. Hata kama pesa umekwisha kuzitumia kwa tiketi za familia na futari. Ongeza ile asilimia 10 yake, kisha jiulize kiwanja kimebaki na nini. Nimeona watu wanalipa kodi hiyo kwa awamu kutoka mshahara wa usafi wa ofisi, na kiwanja hawajawahi kukikanyaga.

Sikiliza dalili nyingine ulizozitaja mwenyewe bila kujua: pesa ya kukuvutia, kuharakishwa, uwekezaji wa nje ya nchi. Tangu Novemba 2021 wadhamini wana kanuni za kuzikagua. Mtu akikupa kishawishi cha pesa au akikusukuma uamue haraka, wanatakiwa wakatae uhamisho kabisa. Wakiona uwekezaji wa ng'ambo au ada zisizoeleweka, watakulazimisha kwanza uzungumze na MoneyHelper, huduma ya bure ya serikali, kabla ya kusonga mbele. Ndiyo maana hao jamaa hukufundisha majibu ya kusema ukiulizwa. Akianza kukufundisha majibu, umemjua. Na kama aliyekupigia simu ni mgeni kabisa, hilo lenyewe limepigwa marufuku tangu Januari 2019, kumpigia mtu simu ya pensheni bila yeye kuomba. Wajanja wakahamia WhatsApp na kwenye harusi.

Sisemi mtoto wa ami yako ni mwizi. Mara nyingi naye ameshatoa zake na anaamini. Mwombe jina kamili la huyo mshauri, ulitafute kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, uone kama ana ruhusa ya kushauri juu ya kuhamisha pensheni za aina yako. Ruhusa hiyo ni ya pekee, si kila mshauri anayo.

Nayo ndiyo njia halali, kama baada ya yote bado unataka kuhama. Kwa sababu thamani yako imezidi pauni 30,000, sheria inakulazimisha upate ushauri wa mtu mwenye ruhusa hiyo kabla wadhamini hawajakuachia. Atakutoza, na huweza kufika maelfu ya pauni. Tangu Oktoba 2020 hawaruhusiwi, isipokuwa kwa watu wachache wenye hali ngumu, kukutoza tu pale unapohama. Zamani walikuwa wanalipwa ukihama na hawalipwi ukibaki, basi unajua walikuwa wanashauri nini. FCA inawataka waanze kwa kudhani kwamba kuhama hakukufai, kisha wathibitishe kinyume.

Hata wenye leseni wamewahi kuwaumiza watu. Port Talbot, huko Wales, mwaka 2017, wafanyakazi wa chuma waliambiwa mfuko wao wa British Steel unabadilishwa na wachague ndani ya miezi michache. Hofu ikaingia, kama hii ya kwako. Washauri wakamiminika mjini. Watu karibu 7,800 wakaondoka na jumla ya kama pauni bilioni 2.8, na FCA ilipoukagua ushauri waliopewa ikakuta karibu nusu yake, asilimia 46, haukuwafaa. Mpango wa kuwafidia ulianza 2023. Wale walikuwa mafundi wa miaka thelathini kazini, wanajua kusoma mkataba. Kilichowapeleka mbio kilikuwa tetesi kwamba kampuni inakufa.

Sasa hizi ndogo. Hizi ni kitu kingine kabisa, usizichanganye na ya kiwanda. Ghalani na kwa wazee una akaunti ya akiba: kinachokatwa kwako na kinachowekwa na mwajiri vinawekezwa, na kilichomo ndicho chako. Hapa thamani ya uhamisho ndiyo pesa yenyewe. Usishangae ya ghala kuwa ndogo. Mpaka Aprili 2018 kiwango cha chini cha mchango kilikuwa asilimia 2 tu, nusu yake ya mwajiri. Ndipo ikawa 5, na tangu Aprili 2019 ni 8, mwajiri akitoa angalau 3. Tena haikatwi kwenye mshahara wote, ila kwenye sehemu iliyo juu ya pauni 6,240 kwa mwaka.

Kuihamisha ya ghala uiunganishe na ya sasa ni jambo la busara mara nyingi. Utakuwa na barua moja badala ya mbili, na hutaipoteza ukihama nyumba. Kabla ya hapo waulize ghala maswali mawili: kuna ada ya kutoka, na kuna faida yoyote ya pekee nitakayoipoteza nikiondoka? Wakisema hapana na hapana, linganisha ada za kila mwaka. Kwenye mfuko wa kawaida anaowekewa mfanyakazi asiyechagua, sheria haiwaruhusu kuzidi asilimia 0.75. Kisha mwambie mwenye akaunti mpya akuvutie pesa yeye. Usiombe hundi kwa jina lako. Na usiache kuchangia kazini eti mpaka mambo yatulie, maana mchango wa mwajiri hukatika na wa kwako.

Yule wakala: serikali ina Pension Tracing Service, ni bure, unaandika jina la mwajiri wa zamani wanakupa anwani ya mfuko wake. Ukikuta tovuti inayotaka malipo kwa kazi hiyo, ifunge. Tafuta na zile karatasi zako za mshahara za enzi hizo. Kama kuna mstari wa pensheni, ulikatwa.

Mama Rahma aache ya kwake. Pensheni ya NHS haina chungu cha pesa nyuma yake, hulipwa na serikali moja kwa moja, na tangu Aprili 2015 haiwezi kuhamishiwa kwenye akaunti za kuwekeza hata mtu akitaka. Anayemwambia anaweza amwambie wapi. Kwa mtu wa kima chake cha mshahara, ni mojawapo ya pensheni bora zilizobaki nchini humo. Akipunguza saa za kazi, asije akajitoa kwa ajili ya pauni chache za mwezi.

Kuhusu riba siwezi kuvaa kilemba cha ustadh. Ila mweleze vizuri ndipo umwulize tena, kwa sababu "pensheni hizi zote" si kitu kimoja. Kwenye akaunti za akiba una uchaguzi: NEST, kwa mfano, ambayo waajiri wengi hutumia, ina mfuko unaofuata sharia, na watoaji wengine kadhaa wanao pia. Kubadili ni kubonyeza mara chache kwenye akaunti yako. Mifuko ya namna hiyo mara nyingi huwa na hisa nyingi, kwa hiyo huweza kupanda na kushuka zaidi, na kadiri unavyokaribia 60 uutazame. Ya kiwanda huwezi kuchagua wanavyowekeza, wewe unadai ujira wako uliocheleweshwa. Wapo wanazuoni waliolijibu hili kwa upana. Mpelekee kwa sura hiyo.

Kurudi nyumbani hakuhitaji uhamishe chochote. Mfuko wa kiwanda utakulipa hata ukiwa Unguja, uliza tu wanatuma vipi na kwa gharama gani. Wakikuambia kuna mfuko wa nje unaoweza kupokea pensheni yako, lazima uwe kwenye orodha ya HMRC, ambayo hutolewa upya mara mbili kwa mwezi, na mara nyingi uhamisho wa namna hiyo hukatwa kodi ya asilimia 25 papo hapo. Jambo moja la kuliweka akilini ni pensheni ya serikali, ile ya bima ya taifa. Hiyo haihamishiki popote. Ukiwa na miaka 10 ya michango unapata kitu, 35 unapata kamili, na wewe tangu 2001 si mbali nayo. Ila ukiishi Tanzania itagandishwa: utakacholipwa mwezi wa kwanza ndicho utakacholipwa miaka ishirini baadaye. Ya kiwanda haigandishwi kwa sababu ya mahali unapoishi. Sababu nyingine ya kuiheshimu.

Mwisho, lile uliloliandika mwishoni kama kwamba si swali. Mama yako, Mungu amrehemu, ndiye bado jina lililoko kwenye fomu ya kiwanda. Ukifa kesho, wadhamini watamtafuta marehemu, barua zitarudi, na Mama Rahma atakaa miezi akithibitisha kwamba yeye ni nani, na cheti cha ndoa yenu kiko mkoba gani. Pengine na ghalani hukujaza kabisa. Waandikie wote watatu wiki hii uombe fomu mpya. Kwenye ile ya kiwanda uliza kwa maandishi: mke atapata kiasi gani nikifa kabla ya 65, na watoto walio chini ya umri wanapata nini? Jibu likija, litie kwenye mkoba ule ule wa pasipoti, lakini safari hii mwonyeshe mke wako ulipo.